Ramani ya Vyumba Vitatu Kutoka Bunju Hadi Mji Mkongwe

Kwa anayekwenda Bagamoyo kwa barabara, mpaka wa Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani ni Mto Mpiji, ambao abiria wengi wa daladala huuvuka bila hata kuutazama. Pande zote mbili mchanga ni ule ule, mikorosho ni ile ile, saruji hununuliwa katika maduka yale yale, na wanaojenga ng'ambo ya pili mara nyingi ni watu wanaoamka alfajiri kwenda kufanya kazi Posta au Kariakoo. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea kuchora ramani za nyumba na kusimamia mafundi, kama ilivyo kazi yangu, nyumba zenyewe zinamwambia yuko upande gani. Bunju, upande wa Dar es Salaam, katika vitalu vilivyopimwa, nyumba zimejipanga kwa mstari, zinatazama barabara, na kila moja imejibana ndani ya uzio wake. Mapinga, upande wa Pwani, nyumba imekaa katikati ya shamba, mlango wa mbele unatazama mahali ambapo mwenyewe alidhani barabara itapita, na uzio unapinda kufuata mkorosho uliotajwa kuwa mpaka katika karatasi ya mauziano.

Tofauti hiyo haikuletwa na uwezo wa fedha wala na ladha ya wenye nyumba. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikichora, kwa marekebisho madogo madogo, ramani moja tu: vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko, stoo na baraza. Hiyo ndiyo nyumba anayoitaka mwalimu, askari, muuguzi na mfanyabiashara wa kati, hata kama kila mmoja anakuja na picha tofauti kwenye simu yake. Ramani hiyo nimeipeleka Bunju, Mapinga, Kibaha na Dodoma, na nimejaribu kuiingiza hata Unguja, na kila ilipofika ilitoka na umbo lingine. Kilichoibadilisha ni kanuni za mipango, na zaidi ya kanuni zenyewe, wakati ambao kanuni hizo hukutana na mjenzi: kabla hajanunua ardhi, kabla hajachimba msingi, au baada ya kuezeka.

Nianze na kiwanja kilichopimwa, kwa kuwa ndicho rahisi kukieleza. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha jijini Dar es Salaam mradi uliojulikana kama mradi wa viwanja 20,000, na Bunju, Mbweni na Kibada ni miongoni mwa maeneo yaliyopata sura yake ya leo kutokana nao. Anayenunua kiwanja cha namna hiyo hanunui udongo peke yake. Ananunua pia masharti yake. Hati inataja matumizi ya kiwanja, ramani ya mipango miji inasema kama kiko katika ujazo (yaani wingi wa nyumba katika eneo) mkubwa, wa kati au mdogo, mawe ya mipaka yamekwisha kusimikwa, na nafasi ya kuacha mbele, nyuma na pembeni haijadiliwi. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20 ambacho masharti yake yanataka iachwe mita 3 mbele, mita 3 nyuma na mita 1.5 kila upande. Kwenye hati ni mita za mraba 300, lakini mchoraji amebakiwa na mstatili wa mita 12 kwa 14, yaani mita za mraba 168, wakati karo la maji taka, shimo lake, tanki la maji na gari vinagombania vipande vya pembezoni. Ndiyo maana katika nyumba hizo korido ni nyembamba, stoo imemegwa kutoka jikoni, na baraza imebaki kuwa ngazi mbili na nguzo mbili.

Kwa upande wa faida, mjenzi wa kiwanja cha namna hii anajua kabla ya kununua tripu ya kwanza ya mchanga kwamba barabara haitapita sebuleni kwake. Anaweza kupeleka hati yake benki. Anaweza kuomba kibali cha ujenzi akiwa na kila kinachodaiwa. Jambo linalomtesa ni muda, kwa sababu masharti ya kawaida ya hati humtaka mwenye kiwanja akiendeleze ndani ya miezi 36, ilhali watu wengi hapa kwetu hujenga kwa kudunduliza: mwaka huu msingi, mwakani kuta hadi linta, kisha ada za watoto zinaingia na boma linasimama hadi nyasi ziote ndani. Masharti hayo yamezaa tabia yake. Nimewahi kuombwa mara nyingi kuchora nyumba ambayo mwenyewe hajui ataimaliza lini, ili tu apate msingi na kuta za kuonyesha kwamba kiwanja kimeendelezwa, na ukipita katika mitaa iliyopimwa utayaona maboma na nondo zilizoota kutu juu ya kuta ambazo hazijawahi kuona bati.

Kuna na jambo la fremu. Zile mita tatu za mbele, ambazo kanuni inataka ziwe bustani au maegesho, ndizo zinazogeuzwa vyumba vya biashara: duka la vyakula, saluni, kituo cha miamala ya simu. Maofisa huona ukaidi. Mimi, nikiwa nimekaa upande wa mteja na nikiwa nimeishi katika mitaa hiyo, naona kwamba mchoro wa eneo uliweka biashara zote katika viwanja vichache vya katikati ambavyo mara nyingi vimebaki vichaka, na mkazi anayetaka sukari saa mbili usiku hawezi kusubiri mwenye kiwanja cha biashara apate mtaji. Kodi ya fremu mbili, tena, ndiyo inayomalizia dari na vigae vya nyumba iliyo nyuma yake. Kanuni inayokataza kitu ambacho mtaa mzima unakihitaji haikizuii kitu hicho. Inakiondolea tu mchoro na msimamizi, kiasi kwamba fremu nyingi hujengwa bila msingi wa maana, zimeegemezwa kwenye uzio.

Sasa tuvuke mto. Sehemu kubwa ya ardhi ya Pwani ilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, ardhi ya vijiji, ambayo husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, tofauti na ardhi ya mjini iliyo chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo. Mnunuzi huoneshwa shamba na dalali, eneo hupimwa kwa hatua za miguu, majirani huitwa kuwa mashahidi, na mauziano huandikwa mbele ya viongozi wa kijiji. Hakuna anayemuuliza atajenga nini. Hakuna nafasi ya kuacha mbele kwa sababu hakuna mbele. Kwa mchoraji ni uhuru mkubwa mno: ile ramani ya vyumba vitatu inanyooshwa, baraza inazunguka pande mbili, jiko la nje linarudi, na mwenye nyumba anachimba kisima chake kwa kuwa hajui bomba litafika lini. Nyumba nzuri kabisa nilizowahi kuzichora, kwa hewa na kwa mwanga, ziko upande huo.

Ubaya wake huonekana baadaye, pale kijiji kinapojaa watu wa mjini na kutangazwa kuwa eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Mwenyekiti wa kijiji anaondoka, anakuja mwenyekiti wa mtaa, na baada yake wapima na afisa mipango miji. Nilihudhuria kikao kimoja cha aina hiyo kwa ombi la mteja wangu, mwalimu mstaafu aliyetaka nimwongezee vyumba nyuma ya nyumba yake. Mchoro ulitandazwa juu ya meza ya ofisi ya mtaa, ukashikiliwa kwa mawe mawili ili upepo usiuchukue, na kijana wa mipango miji, baada ya shikamoo ya heshima kabisa, akapitisha kidole juu ya mstari.

"Mzee wangu, barabara ya mtaa inapita hapa. Uzio wako itabidi urudi ndani kidogo."

"Uzio utarudi, mwanangu," mzee akajibu. "Lakini chini ya huo uzio kuna karo."

Kijana akanyamaza, kwa sababu karo halikuwapo kwenye mchoro. Picha ya anga aliyotumia kuchorea iliona bati, ikaona miti, ikaona na tanki jeusi, haikuona mashimo. Kusogeza uzio wa matofali ni kazi ya fundi mwashi na vibarua wawili. Kuhamisha karo lenye vyumba viwili vya zege, pamoja na shimo lake na mabomba yanayotoka vyoo vitatu, ni gharama inayokaribia kuezeka sehemu ya nyumba. Barabara ilipindishwa kidogo kuelekea kwa jirani, jirani naye akanuna, na mjadala huo ulimalizwa na kamati kwa kumwachia jirani kipande cha pembeni ambacho mzee alikuwa hakitumii. Tangu wakati huo, kwa kila mteja mwenye ardhi ambayo haijapimwa, ninaweka nyumba ndani kabisa, na vitu vizito visivyoonekana, yaani karo, shimo na tanki la chini ya ardhi, navisogeza karibu na ukuta wa nyumba kadiri afya inavyoruhusu, mbali na kingo zote nne, maana hakuna ajuaye barabara itatokea upande upi.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka, akidhani hayo ni mambo ya mashambani. Jiji lenyewe limejengwa hivyo kwa sehemu kubwa. Tangu enzi za Wajerumani, na kisha Waingereza, mji uligawanywa katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya jengo: kanda moja ilitaka nyumba za mtindo wa Kizungu tu, ya pili ikaruhusu maduka na makazi pamoja, na ya tatu ikawaachia Waafrika wajenge kwa miti, udongo na makuti. Kanuni haikulazimika kutaja rangi ya mtu. Ilitosha kutaja vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, baraza mbele na ua nyuma wenye jiko na choo, ilipostawi katika viwanja vya Kariakoo na Ilala. Nafikiri ni moja ya ramani zenye akili nyingi zaidi zilizowahi kuchorwa Afrika Mashariki, kwa sababu kila chumba kinaweza kupangishwa peke yake na baraza ikawa duka, na sijaona mpango wowote wa karibuni uliokuja na kitu kinachoikaribia kwa manufaa.

Jiji lilipata mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, na kila mpango ulikuta watu wamekwisha kupita mipaka uliyokuwa umewawekea. Manzese, Mbagala na Kimara hazikungoja. Dawa iliyobuniwa ni urasimishaji, yaani kupima eneo likiwa limekwisha kujengwa, na hapo kanuni hulazimika kuinama: viwanja vidogo na vilivyopinda hukubaliwa, barabara nyembamba hukubaliwa, na kila mtu huombwa atoe kipande chake ili gari la wagonjwa lipite. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo pia, na nimegundua kwamba si ofisi inayotunga kanuni za mwisho, ni majirani wenyewe. Mtu aliyetoa hatua mbili huwa mkali kuliko afisa yeyote kwa mwenzake aliyekataa kutoa moja.

Pale ambapo kanuni haiinami, huja alama ya X kwa rangi nyekundu. Mwaka 2017, katika upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ya barabara ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, na nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya kipimo hicho zilibomolewa, zikiwamo za watu waliokaa hapo kwa miongo kadhaa. Mpaka leo mteja akija na kiwanja kilicho kando ya barabara kuu, kitu cha kwanza ninachokipima ni umbali kutoka katikati ya barabara, hata kabla sijauliza anataka vyumba vingapi.

Kariakoo ni habari nyingine ambayo sitaikalia sana, kwa sababu si kazi yangu kuchora maghorofa. Viwanja vilivyokatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili ya chini vikaja kuruhusiwa kubeba majengo marefu, bila kiwanja chenyewe kuongezeka hata futi moja. Matokeo yake ni majengo yanayogusana mabega, na mtu anayechimba chini ili apate stoo ya ziada huwa anachimba pia chini ya jirani yake. Jengo la ghorofa lililoporomoka hapo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu wengi, na kabla yake, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliua watu 36. Kwa majengo ya aina hiyo sheria inataka mbunifu, mhandisi na mkandarasi waliosajiliwa na bodi zao, na ni haki kabisa. Ninachokiona mtaani ni kwamba uzito wote wa ukaguzi huangukia siku ya kupitisha ramani, wakati hatari huingia siku ya kumwaga zege, na siku hiyo mara nyingi hakuna mgeni eneo la kazi.

Dodoma nilikwenda nikiwa na ramani yangu kwapani, nikidhani nitaibadilisha kidogo tu. Mji huo ni kinyume cha Dar es Salaam kwa kila hali. Mwaka 1973 uliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mpango kabambe wake ukakamilika mwaka 1976, wakati sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa bado mashamba ya mtama na mibuyu. Mamlaka moja ilimiliki ardhi, ikachora mpango, ikagawa viwanja, ikatoa vibali na ikakagua ujenzi. Hali hiyo ilifanya kanuni ikutane na mjenzi mapema kabisa, na ukitembea Area C, Area D au Kisasa unaiona: barabara pana, mitaro ya maji ya mvua iliyotengewa nafasi yake, nyumba zilizorudi nyuma kwa kipimo kimoja. Ramani ya vyumba vitatu ilikaa pale bila kubanwa, ila ilibidi ikae mahali pamoja tu, kama ilivyoamriwa.

Wenyeji, hata hivyo, walilalamika kwa miaka mingi. Hati zilitolewa kwa miaka 33 wakati kwingineko watu walipata 99, bomoabomoa ilikuwa ya kawaida, na aliyekuwa na shamba la babu yake alijikuta anahesabiwa kuwa mvamizi. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja mamlaka hiyo na shughuli zake zikahamishiwa halmashauri. Tena ndani ya mji huo huo uliopangwa kabla ya watu, Chang'ombe ilikua bila mpango, kwa sababu kiwanja kilichopimwa na masharti yake kilikuwa nje ya uwezo wa mfyatua matofali na mama lishe waliokuwa wakiujenga na kuulisha mji. Nilipanga chumba huko kwa muda nilipokuwa nasimamia kazi Kisasa, na mafundi wangu wengi walikuwa majirani zangu. Asubuhi tulikwenda pamoja kujenga nyumba yenye kibali, mhuri na mkaguzi. Jioni walirudi kuongeza chumba kwa matofali yaliyobaki, bila kumuuliza mtu.

Unguja ilinifundisha jambo ambalo bara singelijua. Ardhi si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina sheria zake, na ndani ya Zanzibar Mji Mkongwe una zake tena. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Rafiki wa familia aliniita nimsaidie kutengeneza nyumba ya marehemu baba yao, ya ghorofa mbili, katika kichochoro ambacho mkokoteni hupita kwa shida. Alitaka vyumba vitatu, kimoja masta. Nilichukua vipimo siku nzima, na jioni nikamweleza kwamba ramani yangu haiingii, si kwa sababu ya Mamlaka, ni kwa sababu ya boriti. Dari za nyumba hizo hubebwa na boriti za mikandaa, ambazo urefu wake unaofaa haufiki mbali zaidi ya mita tatu, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu kadiri upendavyo lakini upana wake umekwisha kuamuliwa na mti wa baharini. Sebule ya mita nne na nusu ninayoichora Bunju bila kufikiri, pale haina kitu cha kuibeba.

Kanuni ya uhifadhi inakulazimisha kuuheshimu upana huo. Huruhusiwi kubomoa ukuta ili kuunganisha vyumba kwa kuweka boriti ya zege, huruhusiwi kubadili uso wa nyumba, mlango na roshani vinabaki, na lipu ya saruji haitakiwi. Nilidhani hilo la saruji ni mapenzi ya mambo ya kale, hadi fundi wa chokaa, mzee wa mtaa wa Malindi hapo hapo Mji Mkongwe, aliponiita kwenye ukuta wa chini ambao mtu alikuwa ameupiga lipu ya saruji miaka iliyopita. Aligonga kwa tindo, kipande kikubwa kikadondoka kizima, na jiwe la tumbawe nyuma yake lilikuwa limelowa na kuwa laini kiasi kwamba alilichimba kwa kidole.

"Maji yanapanda kutoka chini," aliniambia. "Chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia ndani, na chumvi ikabaki inakula jiwe. Wewe, baba, wa bara huko mmezoea tofali, tofali halina habari hiyo."

Chokaa yenyewe ilikuwa imelowekwa shimoni kwa wiki nyingi kabla ya kutumika, nyeupe na nzito kama mtindi. Ukuta ule ulichukua muda mrefu kuliko nyumba nzima ya Mapinga, na gharama yake ilimfanya mwenye nyumba anywe chai bila kusema neno. Hapo ndipo lilipo tatizo la kanuni ambayo kiufundi ni sahihi kabisa: mji wenye majengo takriban 1,700 unahitaji chokaa, boriti na mafundi ambao ni wachache, na familia yenye warithi wengi, kila mmoja akiwa na sehemu yake ndogo, haina wa kutoa fedha hizo. Anayeweza ni mwenye hoteli. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, jengo la Mji Mkongwe la mwaka 1883 lililokuwa katika ukarabati, kulionyesha kwamba hata penye wafadhili kazi hiyo si nyepesi.

Nje ya Mji Mkongwe mambo ni mengine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilitangazwa kuwa ya Serikali na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu za kulima. Leo, ukielekea Fuoni na kwingineko, eka hizo zimekatwa vipande na kuuzwa kwa ajili ya nyumba, sheha akiwa shahidi kama alivyo mwenyekiti wa kijiji Mapinga. Mchanga wenyewe, ambao bara tunauagiza kwa simu, kule uchimbaji wake unadhibitiwa na Serikali, na bei yake inakufanya upunguze unene wa lipu. Ramani ya vyumba vitatu iliingia Fuoni bila taabu. Majirani wa mteja wangu walikuwa wamejenga hadi ukingo wa vipande vyao, na tulipomaliza kupima, nafasi kati ya madirisha yetu na ukuta wa jirani ilikuwa ya mtu mmoja kupita kwa ubavu.

Kama ningeombwa maoni na halmashauri yoyote ya Pwani, ambako sasa ndiko watu wanakohamia kwa kasi, nisingeomba kanuni kali zaidi wala legevu zaidi. Ningeomba ziwahi. Mstari wa barabara uchorwe wakati mkorosho bado ni mkorosho, hata kama nyumba za kwanza zitakuja baada ya miaka kumi, kwa kuwa kusimika mawe ya barabara katika shamba tupu hakugharimu chochote kulinganisha na kulipa fidia. Na ningeomba kibali kifuate hatua za ujenzi wetu: mtu alipe na kukaguliwa kwa msingi, tena kwa boma, tena kwa paa, badala ya kudaiwa kwa mkupuo mmoja fedha za nyumba ambayo hajui ataimaliza lini. Najua pingamizi lake, nimelisikia kwa maofisa wenyewe: wakaguzi ni wachache, gari ni moja, na mafuta yake yanagombaniwa na idara tatu. Basi hata mjumbe wa shina aliyefundishwa kushika futi na kupiga picha ya msingi kabla haujafukiwa angekuwa bora kuliko hakuna.

Hadi hapo, ninafanya ninachoweza kwenye karatasi. Wateja wangu wa karibuni ni mume na mke vijana walionunua Vikindu, huko huko Pwani, hatua 20 kwa 20, katika eneo ambalo upimaji wake umetangazwa lakini mchoro haujaidhinishwa. Walitaka vyumba vitatu, kimoja masta. Nimewachorea nyumba ya awamu mbili: nyuma ni vyumba viwili, choo na jiko, vikiwa na paa lake kamili linaloweza kusimama peke yake, mbele ni sebule, chumba cha tatu na baraza, ambavyo nguzo zake zimepangwa ili sehemu hiyo iweze kusogezwa hadi mita mbili upande wowote bila kugusa kilichokwisha kujengwa. Mke aliuliza kwa nini walipe ramani ya nyumba nzima na kujenga nusu, swali la haki kabisa, na tulikubaliana kwamba ada ya nusu ya mbele itabaki mkononi mwao hadi mawe ya mipaka yatakaposimikwa. Mkataba umeandikwa hivyo, na fundi amekwisha kupewa nakala ya nusu ya nyuma tu.